Makumbusho ya Lamu na Vitu vya Wazee Wetu

Mkulima mwenye akili hali mavuno yake yote. Hata mwaka wa njaa huchagua mahindi yaliyo bora, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika juu ya meko yapate moshi, na watoto huambiwa wasiyaguse. Karani mwenye akili naye hachomi barua zote za mwaka uliopita. Huziweka katika majalada, kila moja na tarehe yake na namba yake, kwa kuwa ajua ya kuwa siku moja mtu atakuja na kuuliza, "Jambo hili lilianzaje?" Watu wenye busara ya namna hii katika shamba na katika ofisi, ingefaa wawe nayo pia katika habari za wazee wao. Juma hili, wasomaji wangu, nataka tuzungumze habari ya ghala moja ya mbegu za namna hiyo, nayo ni makumbusho ya mji wa Lamu.

Ukishuka chomboni gatini Lamu huna haja ya kuuliza sana. Nyumba ni ile ya ghorofa, yenye baraza pana mbele, imeelekea bahari. Ilijengwa katika karne ya 19. Zamani za serikali ya Kiingereza maofisa wa wilaya walikaa humo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wageni kutoka Ulaya na Marekani huingia na vitabu vyao mikononi, wakatazama kila kitu polepole. Lakini ukimwuliza mwenyeji kama amepata kuingia, yawezekana atacheka na kujibu, "Mimi nikaone nini? Kinu kiko jikoni kwetu, na sinia nimeziona kwa nyanya yangu. Nyumba ile ni ya wageni."

Maneno haya si ya kipumbavu, wala sitaki kumcheka ayasemaye. Mtu hatoi shilingi zake kwenda kutazama kinu. Na ni kweli pia ya kwamba katika nchi yetu makumbusho yalianzishwa na watu waliotoka mbali, na kwa muda mrefu yalipangwa kwa macho yao. Lakini hoja hii ina tundu moja kubwa. Kinu kiko jikoni leo. Je, kitakuwako miaka 50 ijayo? Na kama kitakuwako, je, yuko mtu atakayejua kilichongwa na nani, kwa mti gani, na kwa nini mwanamke fulani hakukubali kukiazima? Hayo ndiyo maswali tutakayoyajibu. Nasi tuanze na kitu ambacho hakimo katika jiko la mtu yeyote.

Katika makumbusho ya Lamu zimewekwa siwa mbili. Siwa ni baragumu kubwa, na hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni, si kwa ncha yake. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, nayo urefu wake wapita kimo cha mtu mrefu. Umri wake wapata miaka 300, na nakshi zake zingali zaonekana wazi kana kwamba fundi ameondoka jana kwenda kula. Siwa haikupulizwa ovyo. Ililia Sultani alipotawazwa. Ililia katika harusi na sherehe kubwa za watu wa daraja. Na wapulizaji walikuwa watu maalumu waliopewa kazi hiyo. Arusi iliyoliliwa na siwa ilikuwa arusi ya watu wanaojulikana mjini, na arusi iliyonyimwa siwa kila mtu alitambua maana yake.

Hapo ndipo panapoingia kisa cha Mwana Darini, ambacho wasimulizi wa habari za Pate wamekipokea kizazi kwa kizazi. Bibi huyu alikuwa mtu wa nyumba kubwa katika Pate, na kati yake na Sultani palikuwa na uadui. Ikafika siku ya kufanya sherehe ya mwanawe. Akaomba siwa ya mji, akanyimwa. Mwana Darini hakulia wala hakwenda kugombana barazani. Alimwita fundi wa kuchonga, akampa pembe za ndovu achague azipendazo, akamweka ndani ya nyumba yake afanye kazi kwa siri. Watu wa mji hawakujua neno. Siku ya sherehe ilipofika, ghafula siwa ikalia katika mtaa wa Mwana Darini, na mji mzima ukasimama kusikiliza, kwani siwa ya Sultani ilikuwa kwa Sultani. Wengi husema ya kwamba siwa ya zamani baadaye ilizama baharini, na kwamba hii tuionayo leo ndiyo ile iliyochongwa ndani ya nyumba ya bibi yule.

Sasa fikiri, msomaji. Mtu asiyejua kisa hiki aingiapo katika makumbusho huona pembe kubwa iliyochongwa vizuri. Atasema, "Lo! Kazi njema," kisha ataondoka. Lakini akijuaye kisa humwona mama aliyenyimwa haki ya mwanawe akaitafuta kwa akili na kwa subira. Humwona fundi akichonga na milango imefungwa. Tena hujifunza jinsi mji wa Pate ulivyotawaliwa, na kwamba hata Sultani mwenye nguvu aliweza kushindwa na mwanamke mwenye busara. Pembe ni ile ile moja. Kilichozidi ni maneno. Basi nataka uyashike haya tangu sasa, maana ndiyo shina la mazungumzo yetu: kila kitu cha kale kina sehemu mbili, mwili wake na maneno yake, na sehemu moja bila ya pili ni hasara.

Mwili wa kitu, makumbusho yaweza kuutunza, na ya Lamu yametunza mengi. Kuna viti vya enzi, vya mti mweusi, vyenye mapambo ya pembe na kamba zilizosukwa, ambavyo havikuwa vya kukaliwa na kila mtu bali vya mgeni wa heshima. Kuna mfano wa mtepe, chombo ambacho wazee wetu wa visiwani walikishona ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, wakatweka tanga la mkeka, wakaenda nacho baharini na kurudi. Katika karne ya 20 mitepe ilitoweka kabisa. Leo kijana wa Faza au wa Kizingitini aweza kuvua samaki maisha yake yote asione chombo kama kile, ijapokuwa damu ya walioshona imo mwilini mwake. Asipokitazama chumbani humo, atakitazama wapi?

Mbali kidogo, ndani ya mitaa, iko nyumba ya zamani ya Waswahili iliyotengenezwa upya nayo ikawa sehemu ya makumbusho. Ni ya karne ya 18. Humo utaona jinsi kuta za matumbawe na chokaa zilivyojengwa nene ili joto lisipite, jinsi boriti za mikoko zilivyobeba dari, na jinsi ukuta wa chumba cha ndani ulivyojaa zidaka za kuwekea sahani za Kichina. Vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, na kadiri uingiavyo ndivyo mwanga upungukavyo na siri ya nyumba iongezekavyo. Mgeni wa biashara aliishia darakani, ndugu walipita, mama wa nyumba alikuwa na mahali pake pasipofikiwa na jicho la njiani. Upana wa chumba ulitokana na urefu wa boriti, na boriti ilitokana na mkoko. Basi hata kipimo cha chumba cha kulala kiliamuliwa na mti wa pwani. Hayo si mambo ya watalii. Fundi wa ujenzi wa siku hizi, anayelalamika kwamba nyumba za mabati zawaka moto mchana, angefaidika sana akikaa humo saa moja.

Ngome ya Lamu nayo ina somo lake. Yapata mwaka 1813 watu wa Pate, pamoja na Wamazrui wa Mombasa, waliishambulia Lamu, wakapigwa vibaya pale Shela. Watu wa Lamu, wakiogopa kulipiziwa kisasi, walimwomba Sayyid Said wa Oman msaada. Akawaletea liwali na askari, na ngome ikamalizika mwaka 1821. Baadaye ngome ile ile ikageuzwa kuwa jela, ikawa jela tangu 1910 hata 1984. Fikiri basi: kwa miaka zaidi ya 70 mama wa mji aliwatisha watoto kwa jengo lile. Leo watoto wa wale watoto huingia kwa hiari yao, wakatazama maonyesho, wakahudhuria mikutano na arusi. Jengo halikubomolewa kwa sababu lilikuwa la huzuni. Limeachwa lisimame liseme yote mawili, ushindi wa Shela na taabu ya wafungwa, maana historia iliyochaguliwa tamu tupu si historia bali ni sifa.

Na kwa sisi makarani, iko nyumba ndogo ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni posta ya Wajerumani. Mwaka 1888 Wajerumani waliokuwa na mapatano na Sultani wa Witu walifungua ofisi ya posta katika Lamu, wakauza stempu na kupokea barua. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zikapatana huko Ulaya. Witu ikahesabiwa upande wa Waingereza. Na mwaka 1891 posta ikafungwa. Miaka mitatu tu! Kalamu ilitiwa sahihi mbali sana, na karani wa Lamu akafunga dirisha lake. Ukisimama katika chumba kile kidogo utafahamu vizuri kuliko kwa kusoma kitabu kikubwa jinsi nchi zetu zilivyogawanywa na watu waliokuwa hawajapata kuziona.

Nimetaja Witu, na Witu yatuleta katika sehemu ya pili ya kitu cha kale, yaani maneno yake. Masultani wa Pate wa ukoo wa Nabahani walipozidiwa nguvu na majeshi ya Sayyid wa Unguja katika karne ya 19, walihamia bara wakakaa Witu. Husemwa kwamba walikuwa na kitabu cha habari za ukoo wao na za mji wa Pate, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1890, baada ya Wajerumani kadha wa kadha kuuawa Witu, Waingereza walitua askari wa manowari, wakaushambulia mji na kuuteketeza. Kitabu hakikuonekana tena tangu siku hiyo.

Basi habari za Pate zingalikuwa zimekwisha. Lakini alikuwako mzee wa ukoo ule ule, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, ambaye watu walimwita Bwana Kitini. Huyu alikuwa amezisikia habari zile kwa wakubwa wake akazihifadhi moyoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipotokea watu wenye kalamu wakitaka kuziandika, yeye alizisimulia. Tafsiri moja ya masimulizi yake ilipigwa chapa mwaka 1913. Nakala zilizobaki hazikubaliani katika kila neno, na wenye elimu hubishana juu ya tarehe zake. Lakini hata wao wasingekuwa na la kubishania kama si mzee yule. Moto wa siku moja ulimaliza karatasi, na kichwa cha mtu mmoja kikaokoa mji. Ni bahati njema, lakini mtu hajengi nyumba juu ya bahati. Ni wazee wangapi katika tarafa yako ambao vichwa vyao ni vitabu visivyo na nakala?

Labda msomaji wa Kilifi au Kaloleni atasema, "Hayo ni mambo ya masultani na majumba ya mawe. Sisi ni wakulima wa mihogo na minazi. Kwetu kuna nini cha kuwekwa?" Basi tuondoke Lamu kidogo, tushuke kusini mpaka kwa ndugu zetu Wamijikenda, maana jambo lililowapata wao laonyesha kwa uwazi zaidi ninayoyasema.

Wamijikenda, hasa Wagiriama, huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kwa nakshi, ili roho ya marehemu ipate mahali pake na jamaa wapate baraka. Kigango kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Tangu miaka ya 1970 walitokea wachuuzi waliofahamu kwamba matajiri wa ng'ambo hupenda kupamba vyumba vyao kwa vitu kama hivyo. Vijana wenye shida ya fedha wakaenda usiku, wakang'oa, wakauza kwa fedha kidogo. Na vigango kwa mamia vikasafirishwa mpaka Marekani, vingine vikaingia katika majumba ya makumbusho ya huko.

Mwaka 1985 mtaalamu wa mila za watu, Bibi Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999, Bibi huyu alipokuwa katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, alionyeshwa picha za vitu vya makumbusho fulani, naye akakitambua kimoja cha vigango vile. Cha pili kikapatikana katika makumbusho mengine. Ilichukua miaka ya barua na majadiliano, lakini mwaka 2006 kimoja kililetwa Nairobi, na mwaka 2007 kikafikishwa kijijini kwa watu wa ukoo, kwa ngoma na machozi. Wote walijua kilikuwa cha nani na kilisimama wapi.

Sasa linganisha. Mwaka 2014 makumbusho ya mji wa Denver, Marekani, yaliamua kurudisha vigango 30. Uamuzi huo ulikuwa mwema, na vigango vikafika Kenya baada ya miaka kadhaa ya taabu. Lakini hivi 30 havikuwa na picha wala jina la kijiji. Aliyeiba hakuandika, aliyenunua hakuuliza, aliyeuza tena hakutaka kujua. Basi vimerudi nchini, ila havijui njia ya kwenda kwao. Ni kama barua iliyofika posta bila jina la mwenyewe: karani ataishika mkononi, ataona ya kwamba ni ya mtu, lakini hawezi kumpa mtu yeyote. Picha moja ilikiongoza kigango kimoja mpaka mlangoni kwa wenyewe. Vigango 30 bila maneno vingali wageni katika nchi yao.

Na kuna upande wa pili wake. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma yao kuu iitwayo ngadji, ngoma ya wazee, iliyofichwa isionekane na kila mtu, ambayo sauti yake ndiyo iliyokuwa amri. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, nayo imo katika ghala ya makumbusho makubwa ya London. Wapokomo wangali wanayo maneno yake; wajua jina lake na kazi yake, na wazee wameomba mara nyingi irudishwe. Wao wamebaki na maneno bila mwili. Vigango vya Denver vilibaki mwili bila maneno. Siwa ya Pate ina vyote viwili, na haikuvuka bahari kubwa. Mtoto wa shule wa Pate aweza kupanda mashua asubuhi, akaiona, akarudi kwao jioni akamsimulia nyanya yake, na nyanya akamsahihisha. Ndiyo maana nasema makumbusho ya karibu na watu ni bora kuliko makumbusho makubwa ya mbali.

Najua mtu wa Pate ataninong'oneza, "Lakini siwa ni yetu, mbona iko Lamu?" Ana haki kuuliza, na swali lake si la ugomvi. Makumbusho ambayo watu huyauliza maswali ni makumbusho yaliyo hai. Yasiyoulizwa neno ndiyo yaliyokwisha kuwa stoo.

Tuje sasa katika nyumba zetu wenyewe. Mchuuzi wa vitu vya kale haendi makumbusho, maana kule kuna mlinzi. Huja kwako. Huja mwezi ambao karo ya shule haijalipwa, akautazama mlango wa nyumba ya babu yako, ule wenye nakshi, akasema, "Mzee, mlango huu umeliwa na mchwa. Nitakupa fedha, tena nitakuletea mlango mpya wa kufuli." Sitamlaumu mjane mwenye watoto wanne aliyekubali, njaa haina historia. Lakini ni vizuri kila mtu ajue mambo mawili. La kwanza, mlango ulioliwa na mchwa usingemleta mtu kutoka mbali. La pili, sheria ya nchi yetu ya makumbusho na urithi, ya mwaka 2006, inaihesabu milango na miimo yake iliyochongwa kwa namna ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vya kulindwa, na haiwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Basi huyo anayeharakisha, na kutaka mlango uondoke usiku, yeye aijua sheria kuliko wewe. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mlango mpya wa kufuli ndio msala upitao.

Ukiona shida imekubana kabisa, usimwendee mchuuzi kwanza. Nenda makumbusho ukaulize. Huenda wasiwe na fedha za kukupa, lakini watakueleza kitu chako ni nini, nawe ukirudi nyumbani utakuwa umejua thamani ya ulicho nacho. Mtu hauzi ng'ombe bila kujua kama ana mimba.

Wengi watauliza, "Basi sisi tusio na siwa wala mlango wa nakshi tufanye nini?" Nami nitajibu kama karani, maana ndiyo kazi niijuayo. Nunua daftari ya kawaida, ya bei ndogo. Juu ya ukurasa wa kwanza andika jina la ukoo na la kijiji. Kisha chagua kitu kimoja nyumbani: kigoda cha babu, jembe la mti, mbuzi ya kukunia nazi, kibuyu cha maziwa, mkeka uliosukwa kwa ajili ya arusi. Andika jina lake kwa lugha ya kwenu, si kwa Kiswahili peke yake. Andika kilifanywa na nani, kwa mti gani au majani gani, na yalitoka wapi. Andika kilitumiwa siku gani na hakikutumiwa siku gani. Andika nani aliyekuambia, na tarehe aliyokuambia. Mwisho kipige picha, maana siku hizi hata kijana asiye na ng'ombe ana simu yenye kamera, na tumeona picha moja ilifanya nini kwa vigango.

Kazi hii haitaki shahada. Yataka subira ya kukaa na mzee jioni na kumwacha aseme bila kumkatiza. Tena usiharakishe kumwambia, "Hapo umekosea, babu." Andika alivyosema, na mzee mwingine akisema vingine, andika pia na jina lake. Nakala za habari za Pate zatofautiana, na bado zina faida kubwa. Daftari ikijaa, weka nakala yake mahali pa pili, shuleni au makumbusho, kwa kuwa tumeona pia moto wa Witu ulifanya nini kwa kitabu kilichokuwa kimoja tu.

Walimu nao wana sehemu yao. Kumpeleka mtoto makumbusho ili akimbie vyumbani na kurudi ni kumtembeza tu. Mwalimu amwambie kila mtoto achague kitu kimoja, akiandike, kisha aende nyumbani akaulize kama kwao kiliwahi kuwako na kiliitwaje. Nanyi mnaotunza makumbusho, ombi langu ni moja: andikeni maelezo kwa Kiswahili kwanza, tena Kiswahili cha wenyeji, kwa herufi zinazoonekana. Mzee wa Lamu asihitaji mgeni kumsomea habari za baba yake.

Hivyo narudi kwa yule ndugu aliyesema kinu kiko jikoni kwao. Ndugu yangu, umesema kweli, na kinu chako ni bora kuliko kile kilichoko makumbusho, kwa sababu chako kingali chatwanga, na mamako yu hai wa kukisimulia. Makumbusho ya Lamu hayataki kukunyang'anya kinu hicho. Yataka ujue kwamba ni mbegu. Muulize mama leo jioni, kabla taa haijazimwa, kilitoka wapi, ukaandike.